Kipanda Uso na Maradhi ya Kusahau: Lipi la Kuogopwa, Lipi Lisidharauliwe

Bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na kitambaa cheupe cha pamba alichokiweka chini ya mto wake, na hakuna aliyekigusa. Siku tulipomwona amekifunga kichwani na kukikaza mpaka nyusi zikapanda, sisi wajukuu zake tulijua la kufanya: dirisha la chumba chake lifungwe, redio izimwe, na vitunguu visikaangwe mpaka jioni. Kipanda uso kimemjia. Kilianza kumjia alipokuwa mwari, kikamfuata katika ndoa na katika uzazi, kisha kikapungua alipokoma hedhi. Lakini jina lake halikutoka nyumbani mwetu. Kila alipolalamikia kichwa, hata alipofikia umri wa miaka 78, jibu letu lilikuwa lile lile: "Ni kipanda uso chake."

Jibu hilo nusura litupokonye bibi yetu. Kisa chenyewe tutakisimulia mbele, kwani twaamini kuwa chaweza kutokea katika nyumba yoyote ya mwambao huu. Kwanza twataka kulijibu swali ambalo akina mama wametuuliza arusini, matangani na baada ya darasa za alasiri, nao huliuliza kwa sauti ya chini: "Mama yangu aliumwa na kichwa maisha yake yote, na leo hanitambui. Mimi nami naumwa na kichwa vile vile. Je, njia yangu ni hiyo hiyo?"

Maradhi mawili yasichanganywe

Maumivu ya kichwa si ugonjwa mmoja. Yako yanayobana kichwa pande zote kama kilemba kilichokazwa mno. Haya huitwa maumivu ya mkazo, na ndiyo yaliyoenea zaidi. Kipanda uso ni kingine. Aghalabu hushika upande mmoja, hupwita kama kwamba moyo umehamia pajini, huleta kichefuchefu, na humfanya mtu achukie mwanga na kelele. Kisipotibiwa huweza kudumu kati ya saa 4 na saa 72. Waarabu hukiita shaqiqa, jina litokanalo na maana ya kupasua kitu katika nusu mbili, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikieleza katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun fi al-Tibb. Si ugonjwa wa jana, wala si deko la wanawake wa siku hizi.

Wako wenye kipanda uso ambao, kabla ya maumivu kuanza, huona vimulimuli, mistari ya kupindapinda au giza katika sehemu ya jicho, au huhisi ganzi ikitambaa mkononi na mdomoni. Dalili hizo za utangulizi madaktari huziita aura. Aghalabu hudumu kati ya dakika 5 na saa moja. Tunamwomba msomaji alihifadhi neno hilo, kwa kuwa tutalirejea.

Wanawake hupatwa na kipanda uso mara mbili hadi mara tatu kuliko wanaume, na sababu kubwa ni homoni zinazopanda na kushuka kwa hedhi, mimba na kukoma hedhi. Ndiyo maana swali tulilolitaja huulizwa zaidi na akina mama.

Ama dimenshia, huo si uzee. Ni jina la kundi la maradhi yanayoziharibu seli za ubongo kidogo kidogo, mpaka mtu akapotewa na kumbukumbu, uamuzi, lugha, na hatimaye uwezo wa kujihudumia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia. Aina iliyoenea zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Inayofuata hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kuharibika, nayo mara nyingi huandamana na presha, kisukari na kiharusi. Kusahau ulikoweka funguo si ugonjwa. Kusahau funguo ni za kazi gani, au kupotea katika njia ya msikiti ulioiendea miaka arobaini, hilo lahitaji daktari.

Watafiti wamegundua nini

Uhusiano baina ya maradhi haya mawili umechunguzwa kwa miaka mingi, na ni haki ya msomaji kuelezwa pande zote mbili za matokeo.

Katika mkoa wa Nord-Trøndelag nchini Norwe, watafiti waliwauliza watu zaidi ya 50,000 kuhusu maumivu ya kichwa katika miaka ya 1995 hadi 1997, kisha wakafuatilia ni nani waliokuja kupata dimenshia. Mwaka 2014 walitangaza kuwa waliokuwa wakiumwa na kichwa, cha aina yoyote, walikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 30 zaidi kuliko wasioumwa. Mwaka 2020 watafiti wa Denmark, waliopekua kumbukumbu za afya za taifa lao, walitangaza kuwa watu waliotambuliwa kuwa na kipanda uso walipokuwa hawajafika umri wa miaka 60 walipata dimenshia kwa kiwango cha nusu zaidi ya wenzao. Kwa wale wenye aura kiwango kilikuwa takriban mara mbili. Kwa wale wasio na aura tofauti ilikuwa ndogo, na haikutosha kutolewa hukumu.

Huo ndio upande wa kwanza. Upande wa pili ni huu. Nchini Marekani, zaidi ya wanawake 6,000 waliokwisha kueleza hali zao za kipanda uso walipimwa akili na kumbukumbu walipofika uzeeni, na wakapimwa tena baada ya miaka. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kuwa akili za wenye kipanda uso hazikufifia upesi kuliko za wasio nacho. Mwaka huo huo, watafiti wa Uholanzi waliopiga picha za ubongo kwa watu wale wale mara mbili, baada ya kupita miaka tisa, waliona kuwa wanawake wenye kipanda uso walikuwa na madoadoa madogo meupe yaliyoongezeka ndani ya ubongo. Hata hivyo madoa hayo hayakuonekana kuwapunguzia uwezo wa kufikiri.

Tukusanye basi. Uhusiano upo katika baadhi ya tafiti na haupo katika nyingine. Pale ulipopatikana ni mdogo kwa wengi, na una nguvu zaidi kwa wenye aura. Kadhalika, tusitishwe na maneno kama "nusu zaidi" kabla hatujauliza nusu ya kitu gani. Tuchukue mfano tu: ikiwa katika kundi fulani watu wawili kati ya mia hupata ugonjwa, basi nusu zaidi ni watatu kati ya mia. Waliobaki 97 hawakuupata. Tena ile kumbukumbu ya Denmark ilikuwa ya watu waliotibiwa hospitalini, yaani wale ambao kipanda uso chao kilikuwa kikali. Mama anayejitibu nyumbani kwa kidonge kimoja na usingizi huenda hayumo miongoni mwao.

Upepo mmoja, mambo mawili

Kusi ikivuma, mashua hukaa gatini na makuti hung'oka mapaani. Si mashua zilizong'oa makuti; yote mawili yamefanywa na upepo mmoja. Hali ya kichwa na akili huenda ikawa hivyo kwa sehemu kubwa. Presha, kukosa usingizi, sonona, na mishipa ya damu isiyo na afya huweza kumletea mtu maumivu ya kichwa katika ujana na kumpokonya kumbukumbu katika uzee. Kipanda uso chenye aura chenyewe kimethibitika kuongeza uwezekano wa kiharusi, na kiharusi ni mlango mmoja wa dimenshia. Kwa hiyo anayejijua kuwa na aura ana sababu zaidi ya kuitunza mishipa yake: apimwe presha, sukari na mafuta ya damu, na asikaribie sigara.

Yako pia mambo yanayofanana na dimenshia nayo si dimenshia. Wakati wa kipanda uso, na hata siku moja baada yake, mtu hupata ukungu wa akili: hutafuta maneno, huingia chumbani akasahau alilolifuata. Ukungu huo huondoka. Baadhi ya dawa nazo zina mchango. Topirameti, ambayo hutolewa kuzuia kipanda uso, huweza kumfanya mtu akwame katika maneno. Amitriptilini huweza kumchanganya mzee akaonekana kuwa ameondokewa na akili. Mwenye kuziona dalili hizo asiache dawa kwa uamuzi wake. Amwendee daktari aliyempa, kwani mara nyingi ziko njia nyingine.

Vidonge vya mkobani

Hapa twataka kusema waziwazi na akina mama wenzetu. Ni wangapi miongoni mwetu wasiotoka nyumbani bila pakiti ya vidonge mkobani? Tunanunua viwili viwili dukani pamoja na sukari na majani ya chai, tunavimeza kabla ya kichwa kuuma ili kisije kikatuharibia shughuli, na tunawagawia wenzetu kama peremende.

Dawa za kutuliza maumivu, zikitumiwa mno, huwa ndizo zinazoleta maumivu. Mwenye kuumwa na kichwa mara kwa mara akameza dawa za kawaida, kama paracetamoli au ibuprofeni, siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, yumo katika hatari hiyo. Kwa vidonge vilivyochanganywa dawa mbili au tatu, na vile vyenye kafeini ndani yake, mpaka ni siku 10 tu kwa mwezi. Dawa ikimalizika mwilini kichwa hulipuka, mtu akameza nyingine, na duara likaendelea. Wengine huishi hivyo miaka kumi wakidhani ugonjwa umezidi, kumbe ni dawa. Tiba yake ni kuziacha kwa uangalizi wa daktari, na kuanza dawa ya kuzuia badala ya kutuliza. Dalili ya kwanza ya kujichunguza ni nyepesi: chukua kalenda iliyoko ukutani, tia alama kila siku unapomeza kidonge, na mwisho wa mwezi uhesabu.

Mambo mengine matatu yawahusu wanawake peke yao. La kwanza, mwenye kipanda uso chenye aura hafai kutumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni, kwani huongeza uwezekano wa kiharusi. Amweleze mhudumu wa kliniki juu ya aura kabla ya kuchagua njia. Njia zisizo na estrojeni zipo. La pili, dawa iitwayo valproeti, ambayo huzuia kipanda uso na kifafa, humdhuru mtoto aliye tumboni. Mwenye kuitumia naye anataka kuzaa asingoje mpaka ashike mimba ndipo aseme. La tatu ni kubwa zaidi. Mjamzito aliyepita wiki ya 20, au aliyejifungua karibuni, akiumwa na kichwa kisichotulia, akaona ukungu machoni au akavimba uso na mikono, asilazwe kwenye chumba cha giza kungojea kipanda uso kiondoke. Huenda ikawa ni presha ya ujauzito inayoelekea kifafa cha mimba, nayo huua mama na mtoto. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Na jambo hili la tatu lina mkia mrefu. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2018, uliowahusisha wanawake zaidi ya milioni moja, ulionyesha kuwa waliopata presha hiyo ya ujauzito walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tatu wa kuja kupata dimenshia itokanayo na mishipa ya damu. Basi mama aliyepata shida hiyo katika uzazi wake asidhani imeisha alipotoka arubaini. Apime presha kila mwaka maisha yake yote.

Presha yenyewe haina sauti. Watu wengi hungoja kichwa kiume ndipo wapime, na kichwa kikitulia huacha dawa. Ukweli ni kwamba presha ya juu aghalabu haileti maumivu yoyote, nayo huendelea kuila mishipa ya ubongo kimyakimya. Kichwa kisichouma si cheti cha afya.

Kisa cha bibi

Turudi sasa kwa bibi yetu. Usiku mmoja, akienda kutawadha kabla ya alfajiri, aliteleza na kujigonga kichwa kwenye ukingo wa birika. Hapakuwa na jeraha wala damu. Alicheka, tukacheka naye, tukampaka mafuta, na habari ikaisha. Hakuna aliyekumbuka kuwa alikuwa akimeza aspirini ya moyo kila siku, dawa ambayo huifanya damu isigande upesi.

Wiki ya tano akaanza kulalamikia kichwa kila asubuhi. Tukamfunga kitambaa chake. Wiki iliyofuata akawa analala mchana kutwa. Akatia chumvi katika chai, akaswali adhuhuri mara mbili, akawaita wajukuu kwa majina ya dada zake waliokwisha kufariki. Mguu wa kushoto ukawa unaburuta kidogo. Nyumba ikagawanyika. Wengine wakasema ni uzee, umefika wakati wake. Wengine wakasema ni jini, akaitwa mwalimu akasoma. Sisi tuliojiona wajuzi tukasema ni kipanda uso kimerudi, tukamnunulia vidonge vikali zaidi, vyenye aspirini ndani yake. Mpaka leo tunapokumbuka hilo hutuuma.

Aliyemwokoa ni jirani yetu, muuguzi aliyekwisha kustaafu, aliyekuja kumjulia hali. Hakuuliza anasahau nini. Aliuliza: "Ameanza lini?" Tukamwambia ni wiki mbili. Akasema, "Kusahau kwa uzee hakuji kwa wiki mbili. Huja kwa miaka. Hiki ni kitu kingine, na huenda kinatibika." Siku hiyo hiyo bibi alipelekwa hospitali, akapigwa picha ya kichwa, na ikaonekana damu imejikusanya baina ya fuvu na ubongo, imeukandamiza ubongo upande mmoja. Daktari alitueleza kuwa ubongo wa mzee husinyaa kidogo, na vishipa vinavyouunganisha na utando wake hunyooka na kuwa kama nyuzi zilizovutwa. Pigo dogo huvikata, na damu huvuja polepole kwa wiki nyingi. Wakatoboa tundu katika fuvu, wakaiondoa ile damu. Siku ya nne baada ya upasuaji bibi alitutazama mmoja mmoja, akatutaja kwa majina yetu, kisha akauliza ni nani aliyekichukua kitambaa chake.

Aliishi miaka sita baada ya hapo, na akili yake alikwenda nayo.

Tumejifunza kuwa jina la ugonjwa wa zamani laweza kuwa pazia. Kwa sababu tulikuwa na neno "kipanda uso" mdomoni, hatukukitazama kichwa kilichouma. Na kwa sababu tulikuwa na neno "uzee," hatukuitazama akili iliyopotea. Kila kimoja tulikipa udhuru wake, wala hatukuvikusanya pamoja.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Kichwa kinachouma kwa namna mpya baada ya umri wa miaka 50 kisiitwe kipanda uso mpaka daktari aseme hivyo. Kikiandamana na uchungu wa panja mtu anapochana nywele, maumivu ya taya anapotafuna, au macho kupoteza nuru, huenda mishipa ya kichwa imevimba, na kuchelewa kwa siku chache kwaweza kuleta upofu usiorudi. Maumivu yanayopiga kwa ghafla kama radi na kufikia kilele chake kwa dakika moja ni ya dharura. Hali kadhalika maumivu yenye homa na shingo ngumu, yenye mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito au kiungo kulegea, na yale yanayokuja baada ya kuanguka, hata kama mwezi umepita. Na ikiwa watu wote wa chumba kimoja wameamka na maumivu ya kichwa na kizunguzungu, nalo jiko la makaa lilikuwamo ndani, watoke nje mara moja. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huanza kwa kichwa na kuchanganyikiwa kabla ya kuua.

Mzee aliyechanganyikiwa kwa siku au wiki chache, hata akiwa hana maumivu, naye apelekwe. Huenda ni sukari, ni maambukizo ya njia ya mkojo, ni upungufu wa maji, au ni dawa mbili zilizogombana. Mengi ya haya hutibika.

Ngao ya akili

Mwaka 2024 jopo la wataalamu waliokusanywa na jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, lau yangeshughulikiwa kote duniani, takriban asilimia 45 ya dimenshia ingezuilika au ingecheleweshwa. Maumivu ya kichwa hayamo katika orodha hiyo. Yaliyomo ni elimu haba utotoni, uziwi usiotibiwa, uoni hafifu usiotibiwa, mafuta mabaya ya damu, presha, kisukari, unene, sigara, pombe, kukaa bila mazoezi, sonona, upweke, hewa chafu na majeraha ya kichwa.

Tuyatazame katika nyumba zetu. Mzee mwenye mtoto wa jicho asiachwe gizani kwa hoja kuwa ni uzee. Asiyesikia asiachwe pembeni ya mkeka watu wakicheka asijue wanachekea nini. Kijana apandaye bodaboda avae kofia ngumu. Mafuta na chumvi katika sahani zetu vipungue, na baada ya magharibi tutembee japo mitaa miwili. Binti asomeshwe, kwa kuwa elimu ya leo ni akiba ya akili ya miaka sabini ijayo.

Na kwa kuwa wengi huumwa na kichwa siku za mwanzo za Ramadhani, tuongeze neno. Mara nyingi ni kahawa na chai iliyokatwa kwa ghafla, usingizi uliopungua na maji machache. Mnywaji wa kahawa aanze kuipunguza katika Shaabani, kikombe kimoja kimoja. Daku isiachwe, na maji yanywewe baina ya futari na daku. Mwenye kipanda uso kikali azungumze na daktari wake mapema juu ya dawa zake, na na mwanazuoni wake juu ya ruhusa aliyopewa mgonjwa. Ruhusa hiyo ni rehema, wala kuitumia si udhaifu wa imani.

Kwa aliyeuliza kwa sauti ya chini

Dada yetu, uliyeuliza iwapo njia yako ni ile ya mama yako: kuumwa kwako na kichwa si hukumu. Wanawake wengi mno wenye kipanda uso huzeeka na akili zao timamu. Ikiwa una aura, ilinde mishipa yako. Ikiwa unameza vidonge kila siku ya pili, tafuta tiba ya haki. Ikiwa presha yako hujaipima mwaka huu, ipime juma hili.

Na mama yako asiyekutambua, kwanza mpeleke akachunguzwe, ijulikane ni lini alianza na ni kwa nini. Ikithibitika kuwa ni dimenshia, usimbishie wala usimkaripie anapouliza jambo lile lile mara kumi. Umwambie jina lako kila asubuhi kama kwamba ndiyo mara ya kwanza. Katika kaunti jirani ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee anayetangatanga usiku, anayesema peke yake, anayewasahau watu wake, ni mgonjwa, na ana haki ya kulindwa na mtaa mzima. Aliyepungukiwa na akili hana lawama kwa swala aliyoisahau. Lawama, ikiwapo, ni yetu sisi wenye akili tuliomwacha peke yake.

Kitambaa cheupe cha bibi bado tunacho. Kimekunjwa katika sanduku pamoja na kanga zake. Mmoja wetu alipoumwa na kichwa mwezi uliopita alikitoa, akakishika kwa muda, akakirudisha, kisha akaenda kliniki kupima presha.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awahifadhie wazee wetu akili zao, na atujaalie sisi tuwe wenye kuwasikiliza kabla hatujawapa jibu. Amin.